Anza na Nyaya, Kisha Nyama

Leo nataka tuzungumze habari ya majiko ya umeme ya kuchomea nyama, yale ambayo madukani huitwa grili. Zamani ungeyaona hotelini na kwenye nyumba za wachache. Siku hizi yamejaa Kariakoo, yamejaa barabara ya Luthuli kule Nairobi, na kila mwenye ndugu Dubai au Muscat ameshaulizwa kama anataka kuletewa moja. Wanaoyatafuta zaidi ni watu waliohamia kwenye maghorofa, ambako mkataba wa kupanga unasema wazi kwamba mkaa ni marufuku, lakini hamu ya mishkaki haikuachwa kwenye nyumba ya zamani. Maswali yao yanafanana: ninunue lipi, la wati ngapi, la kutumia ndani au la kuweka nje? Nitayajibu. Ila nitaanzia mahali ambapo muuzaji haanzii, kwenye ukuta wa nyumba yako, pale penye soketi.

Kabla hatujafika huko, nina neno moja kuhusu mkaa, kwa sababu jambo hili linaniuma. Msimu wa baridi ukifika, mwezi wa sita na wa saba, tunasikia habari ya watu walioingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na madirisha, na asubuhi majirani wakalazimika kuvunja. Huko Njombe, Makete na Arusha hufanya hivyo kwa ajili ya kuota moto. Mjini inakuja kwa njia nyingine. Nyama imeshatiwa viungo, wageni wamefika, mvua inaanza kunyesha, basi jiko linanyanyuliwa kutoka kibarazani na kuingizwa jikoni kwa dakika chache tu. Na anayeliingiza anaamini amechukua tahadhari, kwa kuwa amesubiri mpaka mkaa ushike, uwe mwekundu, usitoe moshi tena.

Hapo ndipo penye hatari. Mkaa uliokolea vizuri huacha kutoa moshi, lakini hauachi kutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, ikakaa mahali ambapo oksijeni ilipaswa kukaa. Mtu huanza kuumwa kichwa, hulegea, husinzia, na usingizi wenyewe ndio unaomzuia kusimama na kutoka nje. Dirisha moja lililoachwa wazi kidogo si kinga. Jiko la umeme halitoi hewa hiyo kwa sababu ndani yake hakuna kinachowaka, ni koili tu inayopata moto. Hata kama lisingekuwa na sifa nyingine yoyote, kwa hiyo moja ningelipa heshima yake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa kupikia majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Hapa Tanzania upo Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwezi Mei 2024, unaokusudia asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Mazungumzo mengi yanayouhusu ni ya gesi, na kwa wali na maharage gesi inatosha. Kwa kitu cha kuchoma, umeme una nafasi yake, mradi tuuelewe.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana jiko hili lina historia inayopita Kinshasa. Tarehe 30 Oktoba 1974, kabla ya mapambazuko, George Foreman alipigana na Muhammad Ali katika uwanja wa Kinshasa, Zaire ya wakati ule. Wazee wetu waliosikiliza redioni bado wanalisimulia pambano lile. Foreman alikuwa bingwa wa dunia, kijana wa miaka 25 ambaye watu waliogopa hata kumtazama usoni, akaangushwa raundi ya 8. Baadaye aliacha ngumi, akawa mhubiri, kisha akarudi ulingoni, na mwezi Novemba 1994 akautwaa tena ubingwa akiwa na miaka 45. Mwaka huohuo wa 1994 ndipo lilipoingia sokoni jiko dogo la umeme lenye jina lake. Hakulibuni yeye. Mbunifu wake alikuwa Michael Boehm. Lina sahani mbili za chuma zinazobana nyama juu na chini, na limeinamishwa ili mafuta yachuruzike mbele kwenye kisahani. Majiko hayo yameuzwa zaidi ya milioni 100, na mwaka 1999 kampuni ya Salton ilimlipa Foreman dola milioni 137.5 ili iendelee kutumia jina lake. Alifariki mwezi Machi 2025. Grili nyingi za kubana unazoziona madukani leo, ziwe na jina lolote, zimefuata umbo la jiko lile.

Lakini sifa iliyoliuza jiko lile Marekani, ya kuchuja mafuta, kwetu haina uzito ule. Sifa hiyo inafaa hasa nyama ya kusaga yenye mafuta mengi. Ng'ombe wetu wa asili, zebu anayetembea kutwa akitafuta majani, ana nyama iliyokaza na mafuta haba. Ukiiweka nyama yake kwenye sahani iliyoinama, na hata hayo mafuta kidogo ukayaacha yachuruzike, utakula kitu kikavu. Kwa hiyo muuzaji akikusifia kwamba jiko linatoa mafuta yote, usilipe zaidi kwa sababu hiyo. Nyama yetu inataka kupakwa mafuta au samli kabla ya kuwekwa motoni, na ikiwa ngumu inataka papai bichi lililopondwa, kama watu wa pwani wanavyofanya na mishkaki tangu zamani. Utomvu wa papai hulainisha nyuzi za nyama. Usiiache humo usiku kucha, maana itakuwa uji.

Tufike kwenye ukuta sasa. Grili nyingi za nyumbani ni kati ya wati 1,000 na wati 2,200. Umeme wetu Tanzania ni volti 230, Kenya ni 240. Ukigawa wati 2,000 kwa volti 230 unapata karibu ampia 9. Soketi zetu za matundu matatu ya mraba ni za ampia 13, kwa hiyo grili moja kwenye soketi moja ya ukutani iko salama, endapo soketi ni nzima na waya uliofungwa nyuma yake ndio unaostahili. Mafundi wanajua kwamba soketi hufungwa kwa waya wa 2.5, na taa kwa waya wa 1.5. Kwenye nyumba za kupanga zilizojengwa kwa haraka, fundi aliyetaka kubakiza chochote huvuta waya wa 1.5 mpaka kwenye soketi, akaupiga lipu juu yake, na mpangaji hajui. Taa zinawaka, redio inaimba, simu inajaa chaji. Siku inapochomekwa grili ya wati 2,000 pamoja na vifaa vingine vizito kwenye laini hiyohiyo kwa muda wa nusu saa, waya uliofichwa ukutani unapata joto ambalo hukuliomba.

Dalili zake zipo, na unaweza kuzitafuta kabla hujanunua chochote. Chomeka pasi yako, iache ipige kazi dakika 15, kisha ichomoe na ushike uso wa plagi na uso wa soketi. Uvuguvugu ni wa kawaida. Ukihisi joto la kukufanya uondoe mkono, au ukaona plastiki imegeuka rangi ya kahawia pembeni mwa matundu, au ukasikia harufu kama ya kitu kinachoyeyuka, soketi hiyo haitaki grili. Mwite fundi umeme aifungue. Mara nyingi tatizo ni skrubu iliyolegea au soketi hafifu, na ni kazi ya muda mfupi. Gharama hiyo iwe ya kwanza kwenye hesabu yako, kabla ya bei ya jiko.

Ekstensheni ndiyo inayonitisha kuliko yote. Zile zinazouzwa kwenye meza za barabarani, zenye matundu manne au sita na taa nyekundu, nyingi zina waya mwembamba sana ndani ya ganda nene la plastiki. Ukiishika unadhani imeshiba. Ukichomeka humo grili, na kando yake birika la umeme la wati 2,000, umeomba ampia 17 hadi 18 kupitia plagi moja ya ampia 13. Fyuzi nzuri huenda ikakatika na kukuokoa, ingawa kwa mzigo huo si lazima ikatike. Lakini mara ngapi umeona mtu ameitoa fyuzi iliyokatika na kuweka kipande cha waya au karatasi ya sigara? Nakuomba, msikilizaji, kama kuna plagi ya namna hiyo nyumbani kwako, itafute leo. Na kama ni lazima utumie ekstensheni, iwe fupi, ya waya mnene, na uinyooshe yote. Waya uliokunjwa ukiwa umebeba mzigo hupata moto katikati ya mikunjo, mahali ambapo hewa haipiti.

Kuna jambo jingine ambalo sijawahi kusikia muuzaji akilieleza, nalo ndilo linalofanya watu waseme grili zao ni mbovu. Ni umeme mdogo. Unajua zile saa za jioni, kuanzia saa 12 mpaka saa 3 usiku, mtaa mzima umerudi nyumbani, transfoma ni ileile ya zamani na nyumba zimeongezeka maradufu. Taa zinafifia, feni inazunguka kwa unyonge. Wengi hudhani volti zikipungua kidogo, joto nalo hupungua kidogo vivyo hivyo. Sivyo. Nguvu ya koili hupungua kwa kipeo cha pili cha volti. Grili iliyoandikwa wati 2,000 kwenye volti 230, ikipata volti 200 hubaki na wati 1,500 hivi. Ikipata volti 180, hubaki na wati 1,225. Karibu asilimia 40 ya nguvu uliyoinunua imepotea, na saa hizo ndizo za kupika chakula cha jioni.

Matokeo yake unayaona kwenye nyama. Joto likiwa dogo, nyama haichomeki, inachemka kwa maji yake yenyewe. Inatoa jasho, inageuka kijivu, inakuwa ngumu, na wewe unaendelea kuiacha ukitumaini itapata rangi. Kwa hiyo kama unaishi mwisho wa laini, mahali ambapo umeme wa jioni ni wa kubahatisha, usinunue grili ya wati 1,000 kwa kufikiri unabana matumizi. Chukua ya wati 2,000 ikiwa nyaya zinaruhusu, ili hata ikipunguziwa nguvu ibaki na ya kutosha. Pia choma mchana kila unapoweza. Fundi mwenye mita ya kupimia anaweza kukusomea volti za soketi yako saa 2 usiku, na namba hiyo itakusaidia kuliko maelezo yote ya kwenye boksi.

Kwa wanaoletewa vifaa na ndugu walioko nje, hesabu ni hiyohiyo, ila inakwenda upande wa pili. Marekani na Canada wanatumia volti 120. Japani ni volti 100. Grili ya huko yenye wati 1,200 ukiichomeka kwenye volti 230 itajaribu kuvuta zaidi ya wati 4,000, na itaungua ndani ya muda mfupi, pengine pamoja na meza. Transfoma ya kushusha volti yenye uwezo wa kubeba mzigo huo ni kubwa, ni nzito, na ina bei ya kununulia grili nyingine. Mwambie dada au kaka aliyeko Houston kwa upendo kabisa kwamba alete kitu kingine. Za Uingereza, Oman na Dubai zinakubali umeme wetu, na plagi zake zinaingia bila adapta. Geuza jiko, tafuta kibandiko cha chini, usome volti. Kama hakipo au kimefutika, liache.

Gharama ya umeme si kubwa kama watu wanavyoihofia. Grili ya wati 2,000 ikiwaka mfululizo nusu saa inakula yuniti 1. Kwa mteja wa kawaida wa LUKU hapa Tanzania anayelipa shilingi 292 kwa yuniti kabla ya kodi na tozo, hiyo ni kama shilingi 356 kwa jumla. Na ikiwa jiko lina kidhibiti joto, koili hujizima na kujiwasha, kwa hiyo matumizi halisi ni pungufu ya hapo. Linganisha mwenyewe na kopo la mkaa la mtaani kwako. Anayepaswa kuwa mwangalifu ni mteja mdogo, yule wa shilingi 100 kwa yuniti, ambaye kiwango chake ni yuniti 75 kwa mwezi. Akichoma kila siku nusu saa, anaweza kuongeza hadi yuniti 30 kwa mwezi, na zikimpitisha 75, zile za ziada zinakuja kwa bei ya juu zaidi. Kwake, jiko hili ni la mwisho wa wiki.

Haya, lipi la ndani? Nitasema wazi. Kwa anayeishi kwenye nyumba ya vyumba viwili vitatu, familia ya watu wanne au watano, grili ya kubana ndiyo inayomfaa. Inapika juu na chini kwa wakati mmoja, kwa hiyo muda unapungua karibu nusu, moshi ni kidogo, na mafuta hayarukii ukuta. Lakini ina udhaifu mmoja ambao kwetu ni mkubwa, nao ni mifupa. Sisi tunapenda kuku mwenye mifupa yake, mbavu za mbuzi, samaki mzima. Mfupa hunyanyua sahani ya juu, na nyama iliyo kando yake inabaki haijaguswa. Kwa hiyo tafuta ile ambayo bawaba yake inapanda, yaani sahani ya juu inanyanyuka yote ikiwa imelala sawa badala ya kufunguka kama kitabu. Hata hapo, kuku mpasue mgongoni umlaze awe bapa, mbavu zichemshe kwanza, na samaki mkubwa umkate vipande. Sarara, kidari cha kuku, minofu ya sangara, kamba wakubwa, hivyo ndivyo vitu vyake. Biringanya pia, na ndizi mbivu zilizopasuliwa kwa urefu, na jibini kwenye mkate kwa ajili ya watoto.

Jambo ambalo lingenifanya nichague grili moja nikaiacha nyingine ni sahani zinazotoka. Zile zilizounganishwa na mwili wa jiko huwezi kuzipeleka kwenye maji, kwa kuwa waya na koili viko palepale. Utafuta kwa kitambaa leo, kesho utafuta haraka zaidi, na baada ya mwezi mifereji ya sahani itakuwa imejaa mafuta makuukuu yanayotoa moshi kila ukiwasha. Watu hulaumu jiko kumbe wanavuta moshi wa kuku wa wiki iliyopita. Sahani zinazotoka zinalowekwa kwenye maji ya moto na sabuni, kazi inakwisha. Ule utando mweusi usiogandisha chakula uutunze: mwiko wa mbao, sponji laini, usiuguse kwa waya wa kusugulia sufuria. Wala usiliache jiko likiwaka tupu kwa muda mrefu, kwani utando wa aina hiyo ukipita nyuzijoto 260 huanza kuharibika na kutoa hewa mbaya. Anayefuga kasuku au chiriku ndani asiweke ndege wake jikoni kabisa, maana hewa hiyo huwaua ndege haraka.

Aina ya pili ni grili ya wazi, yenye wavu juu, koili chini yake, na trei ya maji chini kabisa. Hii inafaa mbavu, kuku mwenye mifupa na mishkaki iliyotungwa kwenye vijiti, kwa kuwa hakuna kinachobana kutoka juu. Maji ya kwenye trei yana kazi ya kupokea matone ya mafuta yasiungue yakatoa moshi, kwa hiyo uyaongeze kabla hayajakauka. Hata hivyo moshi utakuwepo, kwa sababu mengine huangukia koili. Kama jiko lako liko kwenye chumba kisicho na dirisha la kufunguka, usichukue hii. Za kisasa zenye feni ya kunyonya moshi zipo, zinapunguza kweli, ila ni ghali, na feni ikijaa mafuta, kuisafisha ni kazi ya siku nzima. Mimi ningeziacha.

Watu wengi wanaponiuliza habari ya grili, swali lililo chini ya maswali yote ni hili: ladha itakuwa ileile? Nawajibu kwamba sehemu moja ya ladha itakuwepo, na sehemu nyingine haitakuwepo. Ile rangi ya kahawia na harufu inayotia mate mdomoni hutokana na protini na sukari za nyama zinapokutana na joto la kuanzia nyuzi 140 hivi. Mfaransa Louis Camille Maillard aliieleza mwaka 1912, na haijali kama joto limetoka kwenye mkaa au kwenye koili. Hiyo utaipata, kwa masharti. Kausha nyama kwa kitambaa safi kabla ya kuiweka, kwa sababu maji yakiwa juu yake, joto lote litaishia kuyageuza mvuke. Lipashe jiko mpaka taa yake izime, kisha ongeza dakika 5. Usijaze sahani yote. Mchuzi wenye nyanya, asali au sukari uupake mwishoni, la sivyo utaungua nje huku ndani kubichi.

Sehemu ya pili, ile harufu ya Forodhani kule Zanzibar jioni, au ya vibanda vya nyama choma vya Nairobi siku ya Jumamosi, hiyo hutokana na mafuta yanayodondokea makaa, yakaungua papo hapo na kupanda tena yakiwa moshi unaoifunika nyama. Koili ya umeme haina kitanda cha makaa cha kupokea matone hayo. Binzari ya pilau iliyokaangwa, pilipili manga, ukwaju na kitunguu saumu vitaipa nyama yako utamu wake yenyewe, na ni utamu mzuri. Lakini anayekuahidi ladha ya mkaa kwa swichi anataka kukuuzia tu. Ukiikosa sana, nenda kwa mchoma mishkaki wa mtaani. Ana ujuzi wake, yuko kwenye hewa wazi, na anahitaji wateja.

Hilo linanileta kwenye grili za nje, zile zenye miguu na mfuniko, zinazoonyeshwa kwenye picha zikiwa kwenye bustani. Msimamo wangu ni kwamba wengi wetu hatuzihitaji. Ukiwa nje kweli, kwenye uwanja wenye hewa, mkaa una nafasi yake halali, na moto wake unashinda upepo. Koili haishindi. Upepo wa baharini ukipita juu ya wavu wa wazi unachukua joto lote, na utasimama hapo mpaka wageni wachoke. Inayofaa nje ni ile tu yenye mfuniko mzito unaofunga vizuri, ya wati 2,000 au zaidi, na inamfaa mtu wa aina moja: mwenye baraza au roshani yenye paa, kwenye jengo linalokataza moto wa wazi.

Huyo naye ana masharti yake, na hapa sitalainisha maneno. Umeme na maji ya mvua vinaua. Soketi ya roshani iwe na kifuniko cha kuzuia maji, iwe na waya wa ethi uliopimwa na fundi, na kwenye boksi la umeme kuwe na kifaa cha kukata umeme unapovuja, kile mafundi wanachokiita RCD, cha miliampia 30. Bila kifaa hicho usichome nje kwa umeme, hasa ukiwa umesimama peku kwenye sakafu iliyolowa. Usipitishe waya chini ya mlango unaofungwa na kufunguliwa, maana ganda lake litachubuka kidogo kidogo bila wewe kuona. Mvua ikianza, zima ukutani kwanza, ndipo ushughulikie nyama. Na kwa walio Zanzibar, Tanga, Mombasa, Lamu, hewa ya chumvi haihurumii bati lililopakwa rangi. Kutu huanzia kwenye skrubu na kwenye vituo vya waya, mahali usipoweza kuona. Chagua chuma cha pua, na kila ukimaliza liingize ndani.

Umeme ukikatika katikati ya kuchoma, usiiache nyama kwenye jiko lililopoa ukisubiri urudi. Ihamishie kwenye kikaango juu ya gesi, umalize hapo. Kuku wa nusu mbichi aliyekaa saa mbili kwenye joto la Dar es Salaam ni ugonjwa. Kama unaweza kumudu kipimajoto kidogo cha kuchoma kwenye nyama, kinunue, kwa sababu grili ya kubana hupaka kuku rangi nzuri nje kabla ndani hakujaiva. Katikati ya kipande kinene kisome nyuzi 74 ndipo umpe mtoto.

Ukienda dukani, utaambiwa, chukua hii mama, orijino kabisa, ya Ujerumani. Usibishane naye. Liinue jiko. Zito lina chuma kinene, na chuma kinene hushika joto hata unapoweka nyama baridi juu yake. Fungua na kufunga sahani uone kama zinakutana pande zote. Tazama kama kidhibiti joto kina namba au ni swichi ya kuwasha na kuzima tu, na chukua lenye namba. Uliza kama sahani za akiba zinapatikana dukani hapo, maana ndizo zitakazochakaa kwanza. Dai risiti yenye jina la jiko na tarehe, na udhamini ulioandikwa, si wa mdomo.

Kisha mwombe aliwashe. Akikubali, nunua boflo dukani jirani, kata slesi, zipange zijaze sahani yote, ufunike kwa dakika 3. Ukifunua utaona ramani ya joto la jiko hilo: palipogeuka kahawia koili inafanya kazi, palipobaki peupe nyama yako haitaiva. Jiko zuri litakupa rangi inayokaribiana kutoka pembe hadi pembe. Lenye doa la kahawia katikati na weupe pembeni, lirudishe kwenye boksi, uombe jingine. Akikataa kuliwasha, fanya jaribio hilohilo nyumbani siku ileile uliyonunua, risiti ikiwa bado mpya.